Gari Yangu ya Kulala Mnayoikatalia Bima

Kwa Bwana Meneja Calvince,
Ofisi ya Bima, Kisii Mjini.

Bwana Meneja,

Mimi ni Nehemiah Onyiego wa Manga, umri miaka themanini na moja. Nimewaona machifu saba wakija na kuondoka, nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi, na kuna kampuni ya bima kama yenu iliyofunga mlango mimi nikiwa bado kwenye foleni. Kwa hivyo msifikiri nitachoka.

Gari yenyewe mnaijua. Ina kitanda, jiko na sinki, na mtu anasimama ndani bila kuvua kofia. Niliinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mwezi wa Juni mwaka jana iliibwa nyumbani kwangu, na Februari mwaka huu polisi wakaipata Keroka ikiwa na rangi nyingine na namba nyingine. Wakaniita mimi moja kwa moja, maana Kisii na Nyamira nzima ni nani mwingine ana gari ya namna hiyo? Nikatia sahihi, ikasajiliwa upya kwa jina langu. Serikali yote imeridhika. Mmebaki ninyi.

Nina haraka. Mwanangu Jasper anakaa Nakuru, na mkewe Celestine amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza wa kiume. Sisi Wagusii ni mwiko baba kulala katika nyumba ya mwanawe, na gesti mimi silali. Nitaegesha gari langoni kwa Jasper, niketi katika nyumba yangu mwenyewe, mtoto aletwe nimbebe. Bila bima askari wa barabarani watanishusha kabla sijafika Sotik. Mtoto ana miezi minne sasa. Mkiendelea hivi atakuja Manga mwenyewe kwa miguu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti yenu wa mezani, Lynette, alisema namba ya chasisi hailingani na ile ya zamani. Nikamwambia, mwanangu, wezi wameikwaruza. Akasema, "Mzee, hakuna mkwaruzo hapa, inasomeka vizuri kabisa." Nikamjibu kwamba wezi wa siku hizi wamesoma.

2. Fomu inauliza umri wa gari. Niliandika miezi mitatu. Lynette alicheka mpaka Fred, askari wa mlangoni, akaja kuangalia kuna nini. Mimi nilibatizwa mtoni nikiwa mtu mzima, nikapewa jina Nehemiah, na mchungaji hakuniuliza habari za yule wa zamani. Gari hii nayo imepata namba mpya. Ikatieni bima kama gari mpya.

3. Mnasema gari iliyowahi kuibwa ina hatari zaidi. Hapo mmekosea kabisa. Ambayo haijaibwa bado inangoja zamu yake. Yangu imeshamaliza.

4. Wezi waliiendesha miezi minane bila kugonga hata kuku. Asiyegonga hupunguziwa malipo. Punguzo hilo ni langu, kwa sababu gari ilikuwa yangu wakati wote huo, hata kama mimi nilikuwa natembea kwa miguu.

5. Breki walitengeneza, na mlango uliokuwa unalia sasa haulii. Naomba fomu zenu ziwe na nafasi ya kuandika tabia za mwizi, ili mwizi mtunzaji asiwekwe pamoja na mwizi mharibifu.

Nataka karatasi yangu kabla ya Ijumaa. Sabato sisafiri, Jumapili alfajiri niko njiani.

Msalimie Lynette, umsalimie Fred, na yule mama anayewapikia chai, ambaye peke yake ndiye aliyenipa kiti.

Ni mimi ambaye bado niko,
Nehemiah Onyiego

N.B. Nilikuwa nimeshakunja barua alipofika Sylvanus, mtu wa Marani aliyefungwa kwa wizi wa magari. Ameokoka huko gerezani, na sasa anazunguka kuomba msamaha kwa kila aliyemwibia. Nikamsamehe, mke wangu Bonareri akampa chai, kisha nikamtoa nje aone kwamba gari ilirudi. Aliizunguka mara mbili, akaingia, akatoka, akasema, "Tata, baba yangu, yako niliikatakata nikauza vipande wiki ileile. Hii siijui." Bonareri naye akasema alijua tangu siku ya kwanza, maana kitanda cha hii kinamtosha miguu, lakini alinyamaza kwa sababu anataka kumwona mjukuu.

Kwa hivyo futeni yote, kuanzia la kwanza hadi la tano. Sasa naomba bima ya siku tatu tu: kwenda Nakuru, kumbeba mtoto, kurudi. Jumatano nitaipeleka mwenyewe kituo cha polisi Keroka. Mkitaka shahidi, mwiteni Sylvanus. Katika kaunti zote mbili hakuna anayeijua gari yangu kama yeye.