Yah: Kusimamishwa kwa Kuruka, Kushona, Kukoroma na Kubisha Hodi

Jumanne, tarehe 11. Asubuhi ya mawingu, upepo hakuna.

Ndugu Msimamizi wa Jengo,

Nyumbani wewe ni shemeji yangu, lakini barua hii ni ya kikazi, kwa hiyo naomba uisome ukiwa umevaa viatu.

Kama ujuavyo, chumbani kwangu huku chini naandika mistari ndani ya uzi wa kioo. Kalamu yangu ni mwanga wa leza. Naugawa nusu mbili, kila nusu inadunda kwenye kioo chake, kisha zinakutana tena juu ya uzi. Pale zinapokutana hutokea mistari ya mwanga na giza, myembamba kama unywele uliopasuliwa mara mia, na uzi huikumbuka maisha yake yote. Utafungwa ndani ya daraja, utoe habari daraja likianza kupinda. Kitu kikitikisika wakati wa kuandika, mistari inachafuka kama wino uliomwagiwa maji. Wiki nzima naharibu. Wenye daraja wanakuja kesho asubuhi. Wakiondoka mikono mitupu, chumba umeshamwahidi mwalimu wa mazoezi.

Malalamiko yangu:

1. Mwalimu huyo huyo, ghorofani. Wanafunzi wake wanaruka wote kwa pamoja. Nilimwomba waruke kwa zamu. Akasema, "Dada, uzito sikuwapa mimi."

2. Fundi cherehani wa jirani. Nilimsihi ashone polepole. "Nguo haishonwi kwa kutazamwa, bibie." Hilo bibie nimelimeza kwa ajili ya daraja.

3. Mlinzi anakoroma mchana. Nilimwamsha kwa heshima, akanijibu, "Mama, silali, nasikilizia wezi." Wezi sijui, lakini vioo vyangu vinamsikia.

4. Hodi. Mlango ukifunguliwa, hewa ya joto inaingia na mwanga unayumba. Hodi ipigwe marufuku jengo zima. Mwenye shida na mimi aiache ikomae.

5. Wewe mwenyewe, shemeji. Unatembea kwa visigino. Naomba uhamie mtaa wa pili, na ikiwezekana uondoke na lifti.

6. Jua. Linapasha ukuta wangu, ukuta unatanuka. Leo limejificha, lakini silitegemei. Sijui ofisi inayohusika, naomba unielekeze.

Kwa ufupi, jengo lihamwe hadi kesho. Nitabaki mimi, kwa kuwa ndimi pekee nisiyesumbua.

Nisalimie dada, watoto, na mama mkwe wako, ambaye pia ni mama yangu.

Wako katika utulivu,
Mwandika mistari, chumba cha chini

Nyongeza, Jumatano mchana. Jana nilipomaliza barua niliitega leza ianze baadaye kidogo na kujizima yenyewe, nikapanda kukuletea. Hukuwepo. Nikapitia kwa mwalimu wa mazoezi nimgombeze. Akadhani nimekuja kujiandikisha, akanisukuma mbele, na kwa aibu nikaruka. Niliruka kuliko wote. Niliporudi, leza imeshajizima na mistari ni safi ajabu. Nikaandika uzi wa pili nikiwa nimesimama kando ya meza kama kawaida yangu: umeharibika. Wa tatu nikauacha na leza, nikaenda kupiga soga na mlinzi: safi. Meza yangu ina miguu iliyojazwa hewa, mtikisiko wa jengo hauifikii. Viwiko vyangu, ninavyoegemeza juu yake kuulinda uzi, havikujazwa chochote.

Wenye daraja wamechukua uzi wao na kuagiza mwingine. Kwa hiyo jengo lisihamwe. Nihamishwe mimi: naomba kiti nje ya mlango wangu.

Jana nililala saa mbili usiku, pamoja na kuku, miguu yote inauma.