Nishani za Nahodha Khelef

Hashil hakuwa mwizi. Mwizi huingia dirishani. Hashil alifunguliwa mlango, akatiliwa kahawa, na akitoka akasindikizwa. Mwaka wa sabini na nane alikuwa Ibra, Omani. Alikuja kutoka Unguja na mashati mawili na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliomlisha.

Siku moja kakaa dukani anakunywa chai ya bure, akamsikia dereva akisimulia: Marzouq, tajiri wa saruji wa Nizwa, kajenga majlisi ya kupokelea wageni yenye mito arubaini na ukutani hamna kitu. Anataka vitu vya mabaharia wa zamani, wageni wadhani ana asili. Atakayemletea nishani za kweli atampa gari, Datsun.

Miaka mitatu Hashil alikuwa anasimama njiani kungoja magari ya watu, akipakiwa nyuma pamoja na mbuzi. Akaweka gilasi chini.

Kesho yake yuko Sur, mlangoni kwa Bi Khole, kitukuu cha Nahodha Khelef aliyeongoza manowari karne iliyopita. Ukoo mzima wa bahari: babu nahodha, baba nahodha, ami rubani. Siku hizi vijana wao wako Maskati wanakula mishahara, na mmoja hutapika kwenye lifti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mtu wa serikali, mambo ya kale. Nishani za babu zinatakiwa Maskati, kwa heshima."

"Mtu wa serikali na kandambili," akasema Bi Khole, akimsogezea halwa.

"Viatu vimo garini."

"Na gari?"

"Linatengenezwa."

Bi Khole akatabasamu. "Haya, mwanangu. Kitendawili."

"Tega."

"Babu kafa zamani, kifua chake kingali kinang'aa."

Jibu lilikuwa ndani ya sanduku mbele yake, lakini akili ya Hashil ilikwisha safiri. "Nimeshindwa, bibi. Nakupa mji."

"Nipe."

"Nizwa."

Hapo, wenzangu, ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Anayebanwa hutoa mji alionao moyoni, na mtu wa Maskati angetoa Maskati.

"Nimekwenda Nizwa," akasema Bi Khole taratibu, kama ilivyo desturi, "nimekula tende zao, nimelala, nimeamka, wakanambia jibu ni nishani."

Akafungua sanduku. Tatu, za fedha. Chini yake karatasi ya Kiarabu. Akawaita muadhini na jirani wawe mashahidi. "Soma, ukiridhika utie sahihi."

Hashil, kama wengi wetu tuliokulia Unguja, Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Herufi zote kazishika, kila panapovutwa anavuta, lakini maana hana hata moja. Akaisoma karatasi nzima kwa tajwidi mpaka muadhini akafumba macho. Akatia sahihi, akakabidhiwa nishani na karatasi yake.

"Maneno mazito," akasema Hashil.

"Mazito sana," akasema Bi Khole.

Majlisi ya Marzouq ilijaa wazee na wakwe. Datsun nyekundu iko uani, ufunguo uko kwenye sinia. Marzouq akazigeuza nishani, akaona maandishi madogo mgongoni.

"Macho yangu yamechoka. Pameandikwa nini hapa?"

"Ushujaa wake," akasema Hashil. Akasimama, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya kulainisha mawe.

Watu wakatazamana. Hashil akadhani wameguswa, akarudia.

Mzee mmoja akaweka kikombe chake. "Marzouq, unanunua wakfu?"

"Wakfu gani?" akauliza Hashil.

"Huo uliotusomea mara mbili. Ni mali ya msikiti wa Nahodha Khelef, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi."

"Wenyewe wamenipa. Karatasi hii hapa."

Mzee akaisoma, kisha akaifasiri polepole, kila mtu afaidi. "Mimi mwenye sahihi hii nimekubali mbele ya mashahidi kuwa wakili wa msikiti wa Nahodha Khelef maisha yangu yote. Nitateka maji ya kutawadha, nitawachukua wazee sala ya Ijumaa, na ujira wangu ni chakula."

Hashil akaanza kutafuta kandambili zake.

Marzouq jasho linamtoka, wakwe wanamtazama. Lakini mtu hatajiriki kwa saruji peke yake.

"Nani kasema nanunua?" akauliza. "Nimemwita wakili nimsaidie. Gari lile nalitoa wakfu kwa msikiti huo huo."

Wakwe wakamwombea kheri. Wazee wawili wakajitolea kumsindikiza wakili na gari mpaka Sur, asije akapotea njia. Walipofika Al Qabil, katikati ya njia, Hashil akaomba kushuka kwenda haja. Mmoja akashuka naye.

Bi Khole alikuwa mlangoni, na mapipa manne matupu.

Hashil akampa nishani zake. "Bibi, umenitapeli."

"Mimi? Mimi nimekupa halwa. Karatasi umeisoma mwenyewe, tena kwa sauti nzuri." Akafungua mlango wa mbele wa Datsun, akapanda, akakaa vizuri. "Twende kisimani. Adhuhuri inaingia na watu hawajatawadha."