Malalamiko Dhidi ya Gari Lisiloharibika

Chang'ombe,
Dodoma.
Jumatano.

Kumb. Na. HM/GARI/UMEME/1

Ndugu Respicius,
Meneja wa Mauzo,
Umeme Mwendo,
Ihumwa.

YAH: GARI LA MAJARIBIO NILILOKABIDHIWA JUMAMOSI, NA KASORO YAKE KUBWA YA KUTOHARIBIKA

Ndugu Meneja, nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujaamua kwamba mwandishi wake amezeeka. Amezeeka kweli, lakini hilo halina uhusiano na yaliyomo.

Mimi nina umri wa miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mhariri wa taarifa rasmi za Bunge, yaani yule mtu ambaye waheshimiwa wakisema anaandika, na wakicheka anaandika "(Kicheko)". Nakutajia kazi hiyo ili uelewe kwamba sina mazoea ya kutia chumvi. Chumvi waliileta wenyewe. Mimi niliiweka kwenye mabano.

Jumamosi iliyopita binti yangu Joha, mtumishi wa wizara moja pale Mtumba, alinileta ofisini kwako akiwa amenishika mkono kama mtu anayempeleka mgonjwa kupimwa. Akakwambia, "Baba anahitaji gari lisilomsumbua." Nawe ukaligonga boneti kwa kiganja, ukasema kwa fahari, "Mzee, hili halina cha kuharibika. Halina plagi, halina rejeta, halina klachi, halina ekzosi." Nikatia sahihi ya kulijaribu kwa siku saba, ili nipime kama linafaa kuchukua nafasi ya gari langu la petroli nililodumu nalo miaka thelathini na minane.

Nimelijaribu siku tano. Kila ulichosema ni kweli, na hilo ndilo lalamiko langu. Naomba kulifafanua kwa utaratibu.

1. Gari halijaharibika.

Pengine wewe bado ni kijana, hujui maisha ya mstaafu wa mji huu. Mstaafu hana ofisi wala dereva, lakini ana kiti katika kila kamati ya harusi, kila kikao cha mtaa na kila sherehe ya mtoto wa mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Hawezi kusema "sitaki kuja," maana kwetu neno hilo ni tusi. Hawezi kusema anaumwa, maana watamletea uji. Udhuru pekee unaokubaliwa na Waislamu na Wakristo, na wenyeji na wahamiaji, ni huu: gari limeharibika. Ukishausema, watu wanakupa pole, na baadhi wanakusimulia ya kwao.

Udhuru huo nimeutunza kwa uangalifu kwa msaada wa fundi wangu, Obedi, mwenye gereji yake hapa hapa Chang'ombe. Obedi ni mtu wa mpangilio. Vikao vya kamati ya harusi huwa tunavipa klachi. Harusi yenyewe huwa rejeta, kwa sababu mgeni rasmi akisikia kuwa injini imechemsha haulizi swali la pili. Giaboksi tunaihifadhi kwa mambo mazito, kama uchaguzi wa mwenyekiti wa chama cha wastaafu, kwa vile giaboksi hulaza gari wiki mbili na watu hukata tamaa ya kukuchagua. Hatujawahi kurudia ugonjwa mmoja ndani ya miezi mitatu.

Juzi nilimpelekea Obedi gari lako alione. Alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu, akaifunga polepole kama mtu anayefunika maiti. "Mzee," akasema, "sasa hapa mimi nitakuwa nawaambia watu nini?" Tangu Jumamosi nimehudhuria vikao vitatu na sherehe moja ya kipaimara, na nimechaguliwa mweka kumbukumbu wa yote manne.

2. Gari halina sauti.

Gari langu la zamani lilikuwa likiagwa na mtaa mzima na kupokewa na mtaa mzima. Likikaribia, watu walipata muda wa kubadilisha mazungumzo. Ustaarabu huo gari lako halina. Jumapili jioni niliwafikia kwa nyuma kina mama wa jirani waliokaa nje ya duka la Evelina, ambaye ni muuguzi mstaafu na mchambuzi wa maisha ya wengine. Walikuwa wakinijadili mimi. Kwa kuwa hawakusikia lolote, nilipata taarifa yao neno kwa neno, nami naiwasilisha kama nilivyoipokea:

"Gari la Mzee Habibu linaumwa kila palipo na watu." (Kicheko)

"Lakini Ijumaa linawaka lenyewe kwenda kununua nyama." (Kicheko)

Hapo Evelina akatoa hitimisho: "Mimi nimeuguza miaka mingi. Lile gari ni zima. Mgonjwa ni mwenyewe." (Kicheko na makofi)

Nilirudi nyuma kimya kimya. Angalau hilo gari lako linaliweza.

3. Gari linasema.

Halina sauti kwa wapita njia, lakini lina simu. Joha aliweka kitu fulani kwenye simu yake, na sasa akiwa Mtumba ofisini anajua gari liko wapi, lina chaji asilimia ngapi, na limefungwa mlango au la. Jumatatu nilimwambia nimekwama. Akanijibu, "Baba, uko nyumbani, gari lina asilimia tisini na sita, na kiyoyozi umekiwasha." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa ndani yake nikisoma gazeti. Hata katibu wa kikao hapewi taarifa kamili kiasi hicho.

4. Umeme haukatiki nyumbani kwangu.

Nilikuwa na matumaini hapo. Joha amefunga sola juu ya paa.

5. Busi.

Hili ningependa nisiliandike, ila bila hili hayo mengine yatakuwa malalamiko ya mzee mvivu.

Nina dada. Anaitwa Swaumu, ana miaka sabini na minne, na anakaa Busi, wilaya ya Kondoa, katika nyumba tuliyozaliwa. Sijafika kwake kwa miaka kumi na moja. Kila Idi hunipigia simu kuniita, na kila Idi gari huwa bovu. Obedi amelizushia gari hilo magonjwa ishirini na mawili kwa ajili ya Busi peke yake.

Miaka kumi na moja iliyopita mama yetu alifariki alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya sala ya alasiri. Niliondoka Dodoma asubuhi. Barabara wakati ule bado ilikuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa. Nilipoipita Chemba, feni belti ilikatika na injini ikachemsha. Nilifika Busi wakati wa magharibi, watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Dada alikuwa amesimama uani. Alinitazama, akasema: "Gari, Habibu? Leo?"

Elewa kwamba kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwisha kulitumia gari hilo kukwepa harusi tatu na Maulidi mbili za Busi. Katika maisha yangu yote limeniharibikia kweli mara moja tu katika siku ya maana, na ni mara hiyo tu sikuaminiwa.

Nami nikafanya jambo ambalo kwa mhariri makini lilikuwa ndilo sahihi. Siku ya tatu, kwenye hitima, nilimkabidhi dada barua ya fundi Obedi, aliyekuwa amenifuata njiani kulitengeneza gari. Barua ilikuwa na tarehe, muhuri na sahihi, ikithibitisha kukatika kwa feni belti. Feni belti yenyewe niliiambatisha ndani ya bahasha ya kaki. Dada aliisoma barua yote. Kisha akaikunja, akaisukuma chini ya sufuria ya pilau, ikashika moto. Akasema, wanawake wote wakisikia, "Mimi nilikuwa nangoja mdogo wangu. Yeye kaniletea kielelezo."

(Hapakuwa na kicheko.)

Tangu siku hiyo gari halijaweza kwenda Busi.

Sasa, Ndugu Meneja, jana Jumanne dada alinipigia. Joha alikwisha kumweleza habari zako. "Habibu, nasikia wamekupa gari lisiloharibika." Nikasema ndiyo, la majaribio. "Basi njoo ulijaribie huku. Mimi miguu hii haifiki tena barabarani kungoja mtu." Nilitafuta neno. Rejeta, halina. Klachi, halina. Dada akasema, "Haya. Ukishakumbuka linaumwa wapi, utanijulisha," akakata simu.

Nimepiga hesabu usiku kucha, na zinazidi kunishtaki. Kutoka kwangu hadi mlangoni kwake ni kama kilometa mia na tisini. Kwa chaji kamili gari lako linafika bila shaka yoyote, lakini haliwezi kurudi mpaka lichomekwe kwenye soketi ya sebuleni kwake kwa zaidi ya saa kumi. Kwa gari la petroli mtu angeweza kufika, akaamkia, akanywa chai akiwa amesimama, akasema anawahi kabla ya giza. Hili linamlazimisha mtu kulala. Kwa maneno mengine, umenikabidhi chombo kinachonipeleka mahali nisipoweza kwenda, kisha kinanikatalia kuondoka. Sijui sheria ya biashara inakiitaje kitendo hicho. Jirani zangu wangekiita utekaji.

Kwa sababu hizo, naomba moja kati ya haya litekelezwe haraka:

(a) Ijumaa kabla ya adhuhuri mje mlichukue gari lenu, au

(b) Mlifungie swichi chini ya usukani, ambayo ikibonyezwa itatoa moshi mweupe na mlio wa vyuma vinavyogongana. Nitaitumia si zaidi ya mara sita kwa mwaka, kwa kuwa sipendi ubadhirifu, au

(c) Mteja yeyote mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini na mitano apewe, pamoja na ufunguo, kitabu cha hati za uharibifu zilizokwisha kugongwa muhuri, jina la ugonjwa likiachwa wazi. Fundi Obedi aajiriwe kuwa mshauri wenu katika hilo. Ana ujuzi usiofundishwa chuo chochote, au

(d) Ile simu ya Joha ifundishwe adabu. Ikiulizwa niko wapi, ijibu kuwa niko kwa fundi, na inyamaze.

Mkishindwa yote hayo, sitakuwa na budi ila kuwatahadharisha wazee wenzangu kwamba kampuni yenu inauza gari zima kwa watu ambao hawajajiandaa.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule kijana wa mapokezi aliyenipa chai bila kuniuliza umri, yule binti aliyenionesha kwamba gari limekwisha kuwaka nilipokuwa bado nasubiri liwake, na mlinzi wa getini aliyenishauri nisilinunue. Msalimie pia mama watoto, na umwambie awe mwangalifu na usafiri utakaomchagulia uzeeni.

Wako niliyekwama kwa kukosa namna ya kukwama,

Habibu Msafiri
Mhariri Mstaafu

Nakala: Bi. Joha Habibu, kwa taarifa.
Fundi Obedi, kwa majonzi.

Nyongeza baada ya sahihi. Busi, Jumapili.

Ndugu Meneja, barua hii haikukufikia kwa wakati kwa sababu imo mfukoni mwangu. Alhamisi asubuhi niliondoka nyumbani kuja Ihumwa kukukabidhi gari na barua kwa mkono wangu. Mtu yeyote mwenye ramani atakwambia kwamba Ihumwa iko mashariki na Kondoa iko kaskazini. Sina maelezo ya kitaalamu.

Dada alikuwa amekaa mkekani uani, ameipa njia mgongo, anachambua mbaazi. Hakusikia gari likiingia. Nikasimama nyuma yake nikasema, "Shikamoo, dada." Hakugeuka. "Marahaba," akasema. "Limekufia wapi?" Nikajibu kwamba halikufa popote. Nilikuwa na hotuba ya miaka kumi na moja, yenye vifungu. Nilipofungua mdomo yalitoka maneno matatu: "Nilichelewa, dada yangu." Akasogea kwenye mkeka, akanigawia nusu ya mbaazi.

Sasa kuhusu gari. Lilifika likiwa na asilimia thelathini na moja, na ili lirudi Dodoma linahitaji walau sabini. Leo ni siku ya nne na lina arobaini na nne. Nimelichunguza jambo hili. Kila nikienda msikitini chaja huchomolewa, na kwenye soketi naikuta simu ya dada. Simu hiyo nimeikagua mara tatu: imejaa. Joha, ambaye kule Mtumba anaiona kila asilimia, hajapiga simu hata mara moja. Nilipomuuliza dada kwa adabu, alisema, "Magari haya ya kisasa mabovu sana, mdogo wangu. Hayajai."

Sikumsahihisha.

Muda wa majaribio ulikwisha juzi, nami najua nilitia sahihi. Malalamiko yote yaliyotangulia, kuanzia namba moja hadi tano, nayaondoa. Tafadhali andika kwenye kumbukumbu zako kwamba mteja ana udhuru, na ukiulizwa sababu, sema gari limeharibika.