Hotuba ya Kufunga Mafunzo ya Tabianchi, Pito

(Ilitolewa na Ndugu Eustace, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Uhimilivu wa Mabadiliko ya Tabianchi, kwa kifupi UHIMATA, mbele ya wakulima na wafanyabiashara wadogo wadogo, kwenye uwanja wa mpira wa Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo, kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru, ninaikaimu mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mratibu Mkuu, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mzee Adolfu, shikamoo mzee wangu. Waheshimiwa viongozi wa dini ambao hamkufika lakini naamini mnatuombea huko mliko. Waheshimiwa akina mama wauza vitumbua, wauza ulezi na wenye vilabu vya pombe ya komoni, ambao kitaalamu ninyi ndiyo sekta binafsi. Ndugu Beda, mpiga picha wetu na mwenye spika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa. Tabianchi!

(Beda, peke yake: "Tuihimili.")

Ahsanteni kwa mwitikio huo mkubwa. Ndugu zangu, dunia inabadilika. Zamani katika uwanda wetu huu wa Ufipa mvua ilikuwa inaingia Novemba na kutoka Aprili, kama mtumishi mwenye adabu anayesaini kuingia na kusaini kutoka, lakini siku hizi inaripoti inapotaka na kuondoka bila ruhusa ya mtu yeyote. Sisi kama mradi tukasema hapana, suala hili mtambuka hatuwezi kulifumbia macho, ndipo tukabuni mchakato shirikishi wa kapasiti bildingi, wenye lengo la kumjengea uwezo mwananchi wa ngazi ya chini kabisa hadi afikie uwezo wa kujengewa uwezo. Na leo ninaposimama hapa nina furaha kuwataarifu kwamba asilimia mia moja na kumi na mbili ya wakazi wa Pito wamefikiwa na mafunzo, takwimu ambayo inawajumuisha waliohama na wale ambao mama zao bado ni wajawazito.

(Makofi machache. Mtoto analia, ananyonyeshwa.)

Mtakumbuka mwaka jana, msimu kama huu, nilikuja kwenye uwanja huu huu nikawaeleza kwamba mahindi yenu ya kienyeji yanakaa mno shambani, na mvua za sasa hazina subira hiyo. Nikawaambia mradi utaleta mbegu inayokomaa mapema, na kwamba mtu yeyote atakayebainika amepanda mbegu yake ya nyumbani atafutwa kwenye mradi, yeye na familia yake, pamoja na biashara yake kama anayo. Mlitii. Utii wenu uliwagusa wengi, mimi nikiwa wa kwanza, na nimekuwa nikiuzungumzia kila ninapokaribishwa chakula.

Sasa, ili nisionekane najisifu, jambo ambalo wanaonifahamu wanajua ninalifanya kwa kiasi, namwomba mnufaika wetu wa mfano, Mama Getruda, ambaye analima hapa Pito, analea wajukuu na alikuwa na kilabu cha komoni pale barabarani, asimame atoe ushuhuda. Mama, karibu, ongea bila hofu, ila kwa kifupi.

(Mama Getruda anasimama. "Mheshimiwa, mimi nilisubiri mbegu.")

Mmesikia jamani? Alisubiri. Wataalamu wa nje huita jambo hilo risiliensi, wanalisomea miaka chuoni, na mama huyu amelipata hapa hapa bila hata daftari. Endelea, mama.

("Nilisubiri mpaka Krismasi ikapita. Mvua inanyesha, shamba nimelima, liko tupu, kila asubuhi naliangalia tu. Januari nikachoka, nikapanda mbegu zangu zile zile. Machi mvua ikakata, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Yakakauka yote. Mwaka huu tumekula unga wa dukani, na siku nyingine hatukula. Kilabu nimefunga. Mahindi ya kupikia pombe niyatoe wapi?")

(Akina mama wanaangalia chini.)

Ahsante sana, na naomba tumpigie makofi. Kwa wale ambao hawakumfuata kitaalamu, nifafanue. Mama huyu zamani alikuwa mzalishaji tu, amejifungia na jembe lake, dunia haimjui. Baada ya kupitiwa na mradi amekuwa mlaji, anakwenda dukani, anachagua unga, yaani ameingia kwenye soko huria kwa mlango wa mbele. Pili, kilabu kimefungwa, maana yake kuni hazichomwi, moshi haupandi, na hewa ukaa imepungua katika anga la mkoa mzima. Mama mmoja, matokeo mawili. Naambiwa kuna nchi zina mawaziri wawili, wa biashara na wa mazingira, na hazijapata hata tokeo moja.

(Mama Getruda hakai.)

Wala hatukuishia huku juu baridini. Tuliteremka hadi bondeni, Mtowisa, kwenye joto, kuwafikia stekiholda wetu wafugaji, na njiani, kwa hizi mvua za kwanza, gari tuliloazima likazama kwenye tope hadi milangoni. Akatokea Ndugu Kija, mfugaji aliyehamia kule na familia yake kutoka upande wa Shinyanga, akafunga maksai wake, akalivuta gari likatoka. Nikamuuliza, unajua umefanya nini? Akasema, "Nimetoa gari kwenye tope." Nikamwambia la hasha, ndugu yangu, umeshiriki kwa vitendo katika nishati jadidifu. Tukampiga picha na maksai. Akauliza, "Sasa hayo mafunzo yenyewe ni lini?" Ikabidi tumweleze kwa upole kwamba amekwishahitimu. Akasema tena kwamba malisho yalikauka kiangazi na bado hayajaota, ng'ombe wake wawili wamekufa, na anataka kujua wale waliobaki awapeleke wapi. Swali zuri sana hilo. Nikamwambia nimelichukua, na mpaka leo ninalo.

(Mama Getruda: "Mheshimiwa, na mimi nina swali.")

Mama, kipindi cha maswali kilikuwa asubuhi, kabla hamjafika.

("Ni moja tu. Mvua imeanza, ardhi imelainika. Mbegu ya mradi ipo au haipo? Kama haipo tuambie tukapande zetu. Wenzangu hawa wana mbegu ndani, wanaogopa kufutwa.")

Mama Getruda, katika lugha ya mradi hatusemi ipo au haipo. Tunasema mbegu iko kwenye hatua.

(Coleta, muuza vitumbua, akiwa amekaa: "Hatua gani?")

Hatua za awali za mwisho.

(Kicheko upande wa akina mama. Mzee Adolfu hacheki. Anasema taratibu: "Eustace, mwanangu, baba yako nilimjua, alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa. Hawa wamelala na njaa mwaka mzima. Wajibu.")

Mzee wangu, nakuheshimu sana, na huko huko ndiko ninakoelekea, zimebaki kurasa chache. Kwa mamlaka niliyonayo kama Mgeni Rasmi, na kwa kibali cha Mratibu Mkuu ambaye tumeshauriana naye vizuri, natamka kwamba mafunzo ya kuhimili tabianchi kwa jamii na wafanyabiashara wadogo wadogo wa Pito yamefungwa rasmi.

(Coleta anamuuliza jirani yake yalifunguliwa lini. Jirani hajui.)

Tabianchi!

("Tuihimili," anasema Beda.)

Ujasiriamali!

(Beda anashughulika na waya wa spika.)

Mvua!

("Inanyesha," anasema mtu mmoja nyuma.)

Na sasa shukrani, kisha niwaache. Kwanza nawashukuru ninyi kwa kuja kupigwa picha, kwa sababu mfadhili wa siku hizi hatoi fedha za kuanzisha mradi mpaka aone kwamba umeshafanya kazi. Kwa hiyo namshukuru mfadhili wetu, ambaye bado hatujampata, na jina lake nitawatangazia mara tu nitakapolijua. Nawashukuru wakufunzi mahiri wa mafunzo haya, ambao tutawaajiri. Naishukuru ofisi ya mradi, ambayo tutaifungua. Na kwa namna ya pekee kabisa naishukuru mbegu bora ya mahindi, ambayo, tukiacha siasa pembeni, haijawahi kuwa kwenye ghala lolote, kwa kuwa andiko lenyewe la mradi ninatarajia kuanza kuliandika Jumatatu.

(Mama Getruda: "Kumbe haipo.")

Haijakuwepo bado, mama. Hiyo ni tofauti kubwa sana kisera.

("Asante, mheshimiwa. Hilo tu ndilo nililotaka." Anakaza kanga yake kiunoni, anamshika Coleta mkono na kumwinua. Wanaondoka. Akina mama wengine wanawafuata, kisha wanaume.)

Jamani, bado kuna picha ya pamoja. Ndugu washiriki. Wafupi wakae mbele. Mzee Adolfu, hawa wanakwenda wapi?

("Wanakwenda kupanda," anasema Mzee Adolfu, na yeye anavaa kofia yake.)

Basi Ndugu Beda, iache hiyo spika, chukua kamera, kimbia uwapige kwa nyuma kabla hawajafika mbali. Chini ya picha tutaandika kwamba washiriki, baada ya hotuba, walielekea mashambani kwa mafunzo kwa vitendo.