Mkwe wa Muuza Gesi Ananukia Kuni

Kwa Shemeji yangu mpendwa,
uliye kwenye baridi kubwa kuliko hii yetu.

YAH: KICHUPA CHA MAFUTA YA MANUKATO ULICHOMTUMIA MAMA

Shemeji, pokea salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi imeshika kweli kweli. Asubuhi ukungu unafika mpaka kizingitini pa duka, na mtungi ukiushika bila kitambaa unajuta. Dada yako hajambo. Mpwa wako aliyeng'oka meno ya utoto ameota mapya mawili ya mbele na anayafanyia majaribio kwenye vidole vyangu. Mama hajambo, magoti tu, na hayo magoti yana nafuu tangu aje kukaa nasi.

Baada ya salamu, naomba ukae chini kwanza, kwa sababu nina malalamiko.

Najua nia yako ilikuwa njema. Mtoto wa kiume aliye mbali akimkumbuka mama yake msimu wa baridi ni jambo la kushukuru, na mama alikionyesha kile kichupa kwa kila aliyepanda ngazi zetu, mpaka msoma mita ya maji. Kwenye kijikaratasi uliandika kwamba mafuta hayo hupakwa wakati wa baridi, na yana harufu ya msitu wa misonobari, utomvu, magome mabichi, na moto wa kuni unaowaka kwa mbali. Shemeji, mimi na msitu hatujakosana. Msonobari haujanikosea kitu. Ugomvi wangu ni huo moto wa kuni, maana hapa kwetu hauwaki kwa mbali. Unawaka sebuleni, kwenye kochi la watu watatu, ukiwa umejifunika shali.

Kazi yangu unaijua: nauza gesi ya kupikia. Mitungi imejaa dukani kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya duka ndipo tunapoishi. Na siku ile nilipomwoa dada yako hujaisahau, kwa sababu ulikaa mstari wa mbele ukiwa na suti ya kuazima (nasema kwa upendo). Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikamwambia mama, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka ya kupuliza mafiga ili nyinyi mle: "Mama, kuanzia leo hutanusa moshi tena." Vigelegele vikapigwa. Mama akalia. Wewe nawe ulilia, ingawa baadaye ulisema ni mafua.

Ahadi hiyo ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho hakijazwi upya kwa pampu. Nimeitunza. Nikamnunulia mama jiko lenye mafiga manne, kama mafiga ya gesi nayo ni mafiga. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Mafuta yenyewe hayana adabu. Manukato mengine hukaa kwa aliyejipaka. Haya yanatembea. Yameingia kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye sweta langu la kazini. Mpwa wako aliulizwa shuleni bibi yake ananukia nini, akajibu bila kufikiri: "Jiko." Darasa zima likamwonea huruma.

2. Mpishi mkuu wa shule hiyohiyo, mama mmoja mnene mwenye aproni isiyovuliwa hata akienda benki, alikuja kuzungumza habari ya kuhamisha jiko lote la shule kutoka kuni kwenda gesi. Shemeji, mteja wa namna hiyo hutembelea duka mara moja katika maisha. Nilimpa kiti. Nilimwonyesha mpira wa gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye kichwa cha mtungi aone kwamba hakivuji. Ndipo mama akashuka na kikombe changu cha chai. Mpishi akainua pua. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya msibani: "Pole na jiko, mama." Na mama, kama mtu yeyote aliyelelewa, akiambiwa pole hujibu: "Asante mwanangu, tumeshazoea." Mpishi akafunga mkoba wake akasema anakwenda kufikiri. Bado anafikiri.

3. Ng'ambo ya barabara yuko muuza mkaa tunayemwita Masizi. Kwa miaka mingi tumekuwa tukitazamana kama majogoo wa nyumba mbili. Sasa mama akitokeza tu, Masizi anasimama juu ya magunia yake na kumwamkia kwa kuinama, mtu ambaye hajawahi kumwinamia hata mama yake mzazi! Anawaambia wapita njia: "Huyo muuza gesi si mjinga. Wengine awauzie mitungi, yeye mwenyewe anajua chakula kitamu kinapikwaje." Wiki iliyopita alimzawadia mama kigunia cha mkaa. Mama hawezi kukataa zawadi ya mtu. Akavuka nacho barabara mchana kweupe, duka likiwa limejaa, akanikabidhi mbele ya wateja. Nimekificha nyuma ya mlango, lakini aliyeingia na kuona nimekificha amefikiri mabaya zaidi.

4. Nikabandika tangazo: HAPA NA NYUMBANI KWETU TUNAPIKIA GESI TU. Kinyozi wa mlango wa pili alilisoma kwa sauti, wembe ukiwa shingoni mwa mtu, kisha akasema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nimelibandua.

5. Mwenye nyumba alipanda kwetu wakati wa chakula akiwa na ndoo ya maji. Hakubisha hodi. Alipekua chini ya sinki, kabatini, uvunguni, akitafuta mafiga. Mama alifurahi kupata mgeni, akamtangulia kila chumba amkaribishe, kwa hiyo kila chumba alichoingia mwenye nyumba alikuta moshi umemtangulia. Hakuona moto, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. "Moto unaoonekana huzimwa," alisema, "huu wenu ndio utakaonichomea nyumba." Ametupa mpaka mwisho wa mwezi tumwonyeshe moto uko wapi, la sivyo tuhame. Nikamwapia kwamba hakuna moto. Akasema pafukapo moshi pana moto, na kwamba methali haijawahi kumdanganya, ila wapangaji ndio kazi yao.

6. Mama alikwenda zahanati kwa ajili ya magoti, akarudi na dawa ya kifua. Nesi alimnusa kabla hajamgusa. Akamwambia, chumba kizima cha kusubiria kikisikia: "Mama, mwambie huyo mkwe wako akununulie hata mtungi mdogo wa gesi. Umri huu si wa kuteswa na kuni." Mimi, Shemeji! Niambiwe mimi nitafute mtungi mdogo! Wazee wawili waliokuwa kwenye arusi yetu walikuwa wamekaa kwenye benchi la hapohapo, na mmoja akasema ahadi za arusini ni za arusini. Niliumia, sikufichi. Mtu anaweza kukuibia mali ukapata nyingine, lakini neno lako likishageuzwa uongo mdomoni mwa watu, utalifuata wapi?

Utaniuliza, mbona humwambii mama mwenyewe? Unauliza hivyo kwa sababu wewe ni mwana. Mwana anaweza kumwambia mama yake "hebu ondoa kitu hicho" na akapewa chai. Mkwe ni mtu wa kutazama chini. Nitaanzaje kumwambia mama mkwe habari za mwili wake unavyonukia? Nikishalisema hilo, nitakula wapi?

Tena mwenyewe nilijifunga. Siku alipojipaka mara ya kwanza alikuja mbele yangu na shali jipya, akasimama kama mtoto aliyevaa sare. Nikasema, "Mama, umenukia." Ilikuwa adabu tu, wewe ungesema nini? Tangu siku hiyo, kila asubuhi ninapokunywa chai hupita mezani na kusimama kidogo kando ya kiti changu, nadhani anapumzisha magoti. Nami nikijizuia kukohoa humwambia, "Mama, umenukia." Hutabasamu, akaenda zake. Dada yako nilimgusia kwa mbali kwamba harufu ni nzito kidogo, labda amdokeze mama. Alinitazama, akasema, "Nyinyi wawili mtaniua," akaenda kuosha vyombo. Sikumwelewa.

Kwa hiyo, Shemeji, kwa heshima zote, naomba uchague moja kati ya haya:

(a) Umwandikie mama kwamba mafuta hayo yameisha muda wake na mtu akiendelea kuyapaka ataota magome.

(b) Uende kwa mafundi wa manukato wa huko. Kama wameweza kuukamata moshi wakautia kwenye kichupa, watashindwaje na gesi? Watengeneze mafuta yanayonukia gesi, mama apake, na kila apitapo awe tangazo la duka. Lakini hili nimelifikiria zaidi nikaona wateja watakimbia wakidhani mtungi unavuja. Basi watengeneze harufu ya sufuria isiyo na masizi. Kama haipo, naweza kuwatumia sufuria.

(c) Uje wewe mwenyewe, usimame katikati ya barabara, baina yangu na Masizi, utangaze kwa sauti kwamba moshi huo ni wako, umetoka kwako, na umeulipia ushuru.

(d) Umchukue mama akae kwako, kwenye baridi inayostahili mafuta hayo.

Hilo la (d) nalifuta. Nimeliandika kwa hasira. Ukija kumchukua nitafunga mlango wa chini na wa juu. Nyumba hii ilikuwa ya kula na kulala. Tangu aje mama, imekuwa ya kurudi. Mchukue Masizi.

Nitashukuru kupata majibu mapema, kabla mwisho wa mwezi haujamleta mwenye nyumba na ndoo yake. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, shemeji wa huko na watoto, na majirani wanaokuazima koleo la theluji. Msalimie pia aliyekuuzia kichupa. Mwambie simlaumu, biashara naijua. Na yule wa posta aliyekibeba mpaka hapa, kama mnafahamiana, mpe pole. Gari lake najua lilinukia.

Ndimi mkwe mtiifu kwa mama na shemeji yako kwako, niliyezingirwa na moshi usio na moto,

Muuza Gesi.

Nyongeza:

Shemeji, barua hii niliiacha mezani jana kabla ya kuitia gundi, na dada yako akaisoma. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaacha kucheka. Aliniambia jambo ambalo mama alimwapisha asiniambie. Mafuta yale mama hayapendi. Yanamuumiza kichwa. Siku ya kwanza alipoyafungua alimwambia dada yako maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Moshi nimeunusa tangu usichana wangu, nikadhani nimeukimbia. Lakini mwanangu ameutuma, na mkwe wangu ameusifu. Nitafanyaje?" Kila asubuhi anajipaka kwa ajili yangu, na akisimama kando ya kiti changu si magoti. Anangoja kusikia kama nimefurahi.

Basi mimi niliyeahidi hatanusa moshi tena ndiye ninayempaka. Nilitaka kulia. Dada yako akaenda chumbani kwa mama, akamwambia taratibu kwamba si lazima, kwamba mkwe wake hatachukia, kisha akarudi uso umekunjuka. Nikaona mambo yamekwisha.

Leo asubuhi mama alikuja mezani bila mafuta. Alinukia sabuni tu. Alisimama palepale kando ya kiti changu, mikono ameishika mbele, akangoja. Nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai. Duka lingepona, Masizi angenyamaza, mwenye nyumba angerudi na ndoo yake kavu. Lakini mama alikuwa anangoja, Shemeji. "Umenukia" nisingeweza kusema, maana hakunukia, na mama mkwe hadanganywi. Nikinyamaza, atadhani nimenuna. Ulimi hauna mfupa. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Mama, mbona leo hujapaka yale mafuta yako?"

Uso ukamng'aa kama siku ile ya shali. "Ah, uzee mwanangu," akasema, "nimesahau." Akarudi chumbani mbio, magoti na yote. Alipotoka, mpwa wako alianza kupiga chafya kabla mlango haujafunguka wote. Dada yako hajanisemesha tangu hapo.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Kichupa kinakaribia kwisha. Tuma kingine, kikubwa, na kwenye kijikaratasi umwandikie kwamba mkwe wake ndiye aliyekiomba.