Kijerumani cha Gunia Moja

"Juzi ulituandikia vasha ni maji. Leo vasha ni ng'ombe. Mimi nikifika kule na kiu, niombe nini?"

"Kaa chini."

"Nitakaa, lakini kiu iko palepale."

"Dada, habari za dunia unasikiliza wewe? Wajerumani walikuwa wawili, wa Mashariki na wa Magharibi. Mashariki vasha ni maji, Magharibi ni ng'ombe. Juzijuzi wamebomoa ukuta wakaungana. Sasa mimi nifanyeje, nikawatenganishe?"

Darasa zima likaguna kwa heshima. Mrisho, wa kiti cha mbele, akaandika: vasha, kwanza angalia umesimama upande gani.

Aliyeuliza, Dorika, akakaa. Macho yake hayakukaa.

Na mwalimu ndiye Silvano, mzaliwa wa Lupaso, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa na fimbo na yeye alikuwa na miguu. Kijerumani hakujua hata neno. Vasha alilitunga asubuhi akinyoa ndevu.

Wazo alilipata Masasi, pale Mkomaindo, nje ya hospitali, alipokuwa anawauzia miwani ya kusomea watu wasiojua kusoma. Kijana mmoja alikuwa na barua ya rafiki yake aliye Ujerumani: jifunze kwanza lugha yao, ukiiweza wanakuchukua unasomea uuguzi, na huku unasoma huku unalipwa. Watu wakamzunguka kama kashuka na mvua. Swali lao moja tu, inafundishwa wapi? Silvano akakunja meza ya miwani. Mtu akiulizia njia, muungwana anamwonyesha. Kama njia haipo, muungwana anaitengeneza.

Masasi asingeweza, walishanunua miwani. Ndanda ndiyo usiitaje kabisa, kule Wajerumani wenyewe wapo misheni. Akapanda mlima mpaka Newala, akapanga chumba nyuma ya soko na kubandika karatasi: KIJERUMANI MIEZI MIWILI, ADA GUNIA LA KOROSHO. Korosho, maana serikali ndiyo kwanza imewaachia watu binafsi wanunue, na kuna mnunuzi alikuwa anapita na lori Jumamosi ya mwisho wa miezi hiyo miwili, mtu wa haraka, hana muda wa kuuliza korosho ni ya nani. Vijana kumi na mmoja, magunia kumi na moja. Silvano akayapanga chumbani akalala juu yake, usingizi wa mbunge.

Ikafika wiki ya Jumamosi ya lori. Jumatano akaja Mzee Bartholomayo, tarishi mstaafu wa mahakama, baba wa mwanafunzi mmoja anaitwa Glory.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumekaa wazazi. Keshokutwa tunakuja kusikiliza mwalimu na wanafunzi mnavyoongea. Gunia tumetoa, sauti hatujasikia."

"Na mtoto asipojua, mzee wangu?"

"Tutamchapa."

"Na..." Silvano akakohoa. "Na mwalimu akiteleza kidogo?"

Mzee akaitazama fimbo yake kama anaiachia yenyewe ijibu.

Mtu kadanganya miezi miwili, hajaandika hata mstari. Kijerumani chake chote kilikuwa sehemu moja tu duniani, kwenye daftari la Dorika, ambalo wenzake wote walikuwa wananakili. Alhamisi mchana akamfuata kwenye foleni ya maji, bomba lenyewe linatoa hewa.

"Dada Dorika, hebu niazime daftari nikusahihishie."

"Mwalimu, mwezi uliopita nilimpeleka mama Ndanda kung'oa jino. Nikamsalimia sista Mjerumani kwa ile salamu yako. Akanilaza kitandani, akanipima malaria."

Silvano akamvuta pembeni ya foleni.

"Mbona hukwenda polisi?"

"Magunia yangekuwa ushahidi. Ushahidi wa korosho huwa unaliwa."

"Unataka nini?"

"Magunia yote, leo, kila mtu achukue lake. Halafu daftari unapata."

"Nusu."

"Nimempita Mzee Bartholomayo anaipaka fimbo mafuta."

Silvano akapiga hesabu. Korosho ni ya msimu mmoja. Lakini lugha nzima, imeandikwa vizuri, imepigiwa mistari? Wiki ijayo anafungua shule Tunduru. Akacheka moyoni, akaona huyu binti kaliwa. Jioni magunia yakatoka mlango wa nyuma, la mwisho la Dorika mwenyewe, na Silvano akabaki sakafuni anakariri lile daftari mpaka kichwa kikavimba.

Ijumaa wazazi walijaa mpaka barazani. Silvano kafunga tai. Akasimama, akasema maneno ambayo kwenye daftari maana yake imeandikwa, "Wazazi waheshimiwa, karibuni, Mungu awazidishie":

"Brukta vasha, glomfa shtanga, pilto nuk."

Wanafunzi wakainamisha vichwa.

"Kasema nini?" Mzee Bartholomayo akauliza.

"Naona haya, mzee," akasema Dorika.

"Sema."

"Kasema wazee wote ni ng'ombe, na wake zenu hawaogi."

"Uongo huo," Silvano akasema.

"Fungueni madaftari," mzee akaamuru.

Madaftari yakafunguliwa, la Glory, la Mrisho, yote. Yote yalisema kama alivyosema Dorika. Ndipo Silvano akalitazama vizuri lile la mkononi mwake. Daftari la miezi miwili, wino wa juzi.

Wanaosema alitokea mlangoni wanamstahi. Alitokea dirishani, tai ikabaki kwenye msumari.

Jumamosi mchana alikuwa anateremka mlima kwa miguu kuelekea Masasi, midomo imempasuka. Lori la korosho likampita, likasimama mbele, injini inatoa moshi. Kutoka kiti cha mbele akashuka Dorika na dumu la maji, akammiminia dereva kwenye rejeta. Gunia lake lilikuwa nyuma limeshauzwa, nauli ya Dar mfukoni, na mkononi karatasi ya yule sista, imeandikwa mahali wanapofundisha Kijerumani chenyewe.

"Safari njema, mwalimu," akasema.

"Dada Dorika, nakufa na kiu. Naomba maji kidogo."

Dorika akalitingisha dumu. Yalikuwepo.

"Ya Mashariki au ya Magharibi?"

Silvano akahesabu moyoni, maji upande gani, ng'ombe upande gani.

Bado anahesabu, Dorika akafunga kifuniko cha dumu, akageuka, akaenda zake kwenye lori.