Gia ya Kumfurahisha Shemeji

Jumatatu, 9 Machi
Haki ya Mungu, nimeishiwa nguvu! Adut, mchumba wangu, ananiambia Mayen naye anataka kumuoa. Mayen ana ng'ombe hadi basi. Mimi Thiik nina spana. Wazee wanakaa Jumapili kwao, mtaa wa Kator, kuamua, na anayesikilizwa sana na mzee, baba yake Adut, ni Maker, kaka yake. Maker anapenda baiskeli yake kuliko chakula, ila kila Jumamosi akifika mlima wa Jebel anashuka na kusukuma. Nimepata wazo!

Jumatano, 11 Machi
Nimechukua baiskeli ya shemeji. Nimemwambia naipaka grisi tu. Namutebi, Mganda anayeuza spea mtaani Hai Mauna, ameniuzia gia mpya za nyuma na mnyororo mrefu. Gia ya mwisho, ya kupandia mlima, ni kubwa kama kifuniko cha sufuria! Nikauliza kama zitaingia. Akaapa kwamba hiyo "iko inaingia baiskeli yote". Mama mwaminifu sana.

Alhamisi, 12 Machi
Mungu wangu! Zimeingia, lakini nikiweka gia ndogo mnyororo unaning'inia. Deraila, kile kimkono cha nyuma cha kukaza mnyororo, ni kifupi mno. Nimekata pingili kadhaa za mnyororo. Umekaza! Kasoro ni moja tu: ukiweka kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, mnyororo haufiki na kimkono kinavutwa karibu king'oke. Inabidi nimwonye Maker. Lakini kumwonya ni kukiri. Na nani mwenye akili zake ataweka zote mbili? Nimemrudishia baiskeli, nikamwambia grisi imekolea.

Jumamosi, 14 Machi
Maker! Maker mwenyewe!

Mayen alijitia ukarimu, akatubeba kwa pikapu yake, yeye na mzee mbele, mimi nyuma, tukamtazame Maker akipanda Jebel. Akapanda bila kushuka! Mzee akapiga makofi. Nikajiona bwana harusi. Ndipo Maker akataka kujionyesha: kubwa mbele, kubwa nyuma. Nikapiga yowe asithubutu. Akadhani namshangilia, akanipungia mkono.

Krak! Kimkono kikang'oka, kikaingia kwenye spoki, gurudumu likakwama, shemeji chini. Bega limeteguka. Nililia kuliko majeruhi. Mayen ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nilirudi kwa miguu, nimebeba baiskeli.

Jumapili, 15 Machi
Kikao kimeahirishwa mpaka bega lipone. Adut amepiga simu, sauti baridi. Baba yake amesema nisiguse tena kitu chochote chao. Chochote! Sijawahi kushtuka hivi. Mtu umejitolea, malipo ndiyo haya?

Adut akanisihi nikae nyumbani nitulie, ikiwa kweli nampenda. Nikaahidi. Lakini nyuma ya sauti yake nilisikia jenereta ya mzee ikikohoa. Inakohoa vibaya, maskini.

Akasema pia mzee anasafiri kwenda Bor Jumanne. Spana nimeshaziosha.